Itoe Sukari Kwenye Sufuria

Watu wengi wanaotangaza kuacha sukari huanzia kwenye keki, peremende na aiskrimu, vitu ambavyo huenda huvionja mara mbili kwa mwezi. Chai hawaigusi. Na katika nyumba nyingi za kwetu sukari ya chai haitiwi kikombeni. Hupikwa humo humo sufuriani pamoja na majani na maziwa, ikamiminwa kwenye chupa ikiwa tamu tayari, na kila mnywaji akanywa kipimo cha aliyeipika. Babu mwenye presha, mtoto wa miaka minne na kijana anayetoka kubeba mizigo sokoni, wote utamu wao mmoja. Kwa hiyo kabla hujajilaumu kwamba huna msimamo, angalia kwanza kijiko kiko mkononi mwa nani. Kazi ya kwanza ni kuihamisha sukari: itoke sufuriani, ikae mezani ndani ya kopo lake, kila mtu ajitilie mwenyewe akiiona.

Naanza na chai kwa sababu ya hesabu. Kijiko cha chai cha mfuto, yaani kilichosawazishwa kwa kisu, huchukua kama gramu 4 za sukari. Kile tunachokichota kwa haraka, kikiwa na kilima juu, hufika 6 au zaidi. Mtu anayekunywa vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vya mfuto kila kikombe, amekunywa vijiko 12, karibu gramu 50. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unasema sukari ya aina hii isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000, asilimia 10 ndiyo hizo gramu 50. Shirika linaongeza kwamba kushuka chini ya asilimia 5, gramu 25 au vijiko sita, kunaweza kuleta nafuu zaidi, na ushahidi wa kiwango hicho cha chini umetokana hasa na tafiti za meno. Mnywaji wetu, basi, amemaliza posho yake ya siku nzima kabla hajagusa andazi.

Nyumbani ni vigumu kumhesabia kila mtu vijiko, kwa hiyo tumia kilo. Siku mnayofungua pakiti ya sukari, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Ikiisha, hesabu siku. Nyumba ya watu watano inayomaliza kilo kwa siku nne inakula gramu 50 kwa kichwa kila siku. Ikiimaliza kwa siku nane, ni gramu 25. Ikiisha kwa siku mbili na nusu, mmefika gramu 80 kila mmoja, na hapo soda, biskuti na maandazi ya kununua hayamo. Hesabu hii haimsemi mtu yeyote vibaya, ndiyo maana naipenda. Ukimwambia anayepika chai “weka sukari kidogo,” kidogo chake si kidogo chako na mtagombana bure. Ukimwonyesha tarehe mbili kwenye pakiti mbili, mnazungumza kitu kimoja.

Ni vizuri pia kukubaliana mapema kipi kinahesabiwa. Asali inahesabiwa. Najua inavyoheshimiwa, na sina ugomvi na wanaoisifu kwa mengine, lakini ikifika kwenye chai mwili unaipokea kama sukari. Sukari guru inahesabiwa, na ile ya kahawia pia. Juisi inahesabiwa, hata uliyoikamua mwenyewe bila kutia kitu. Visivyohesabiwa ni tunda zima na maziwa. Embe ukilitafuna unakula na nyuzi zake, linakujaza, na ni nadra mtu kula maembe matano mfululizo. Yakigeuzwa juisi, matano hayo yanashuka kooni kwa dakika moja. Tende ni tunda, lakini karibu theluthi mbili ya uzito wake ni sukari, kwa hiyo tatu zinatosha. Nimeona watu walioacha sukari ya chai wakamaliza pakiti ya tende kwa siku mbili na kujipongeza.

Sasa sufuria. Siku ya kwanza ya chai isiyopikwa na sukari, wanywaji watalalamika kwamba ni chapwa, na watajitilia vijiko vinne kwa hasira. Waache. Muhimu ni kwamba sasa wanavihesabu. Badili kijiko cha kwenye kopo, weka kile kidogo kabisa ulichonacho. Sisitiza watu wakoroge mpaka chini, maana sukari inayoganda kwenye kitako cha kikombe imelipiwa bure na utamu wake haukuonekana. Halafu mpe mpishi silaha nyingine. Iliki iliyopondwa, mdalasini wa kijiti na tangawizi hufanya kazi kubwa kwa sababu pua ikishanusa iliki au mdalasini, vitu tulivyozoea kuvikuta kwenye vyakula vitamu, ulimi unaamini nusu ya safari. Mchaichai ni mzuri kwenye chai ya rangi. Maziwa yenyewe yana sukari yake ya asili, karibu gramu 5 kwa kila mililita 100, kwa hiyo chai iliyokolea maziwa inavumilia upungufu wa sukari kuliko turungi. Na usizidishe majani: chai kali chungu ndiyo inayodai sukari.

Kwa chai, ushauri wangu ni kupunguza polepole badala ya kukata. Robo kijiko kwa wiki. Aliyekuwa anatia vitatu atafika sifuri kwa wiki 12, na hakuna wiki atakayohisi ameadhibiwa. Kasi hii ya kinyonga ina sababu yake. Mwaka 2016 watafiti wa kituo cha Monell cha Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kundi moja lilipunguza sukari kwa miezi mitatu huku jingine likiendelea kama kawaida. Kufikia mwezi wa tatu, waliopunguza walikuwa wakiona pudini ile ile ni tamu zaidi kuliko wenzao walivyoiona. Ulimi ulikuwa umerudi kusikia. Jambo la pili walilolikuta halisemwi sana na watu wa kuhamasisha: kupenda utamu hakukubadilika. Kwa hiyo usingoje siku ambayo kitu kitamu kitakuchukiza. Huenda isije. Kitakachokuja ni kikombe chenye nusu kijiko kukutosha, na kile cha vitatu kukushinda kukimaliza.

Soda ni kesi nyingine, na hapo nasema kata. Soda nyingi za kawaida zina gramu 10 hivi za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 inabeba kama gramu 35, sawa na vijiko tisa vya mfuto. Huwezi kuitoa robo kijiko kwa wiki. Imekuja imeshapikwa kiwandani, kama ile chai ya kwenye chupa, ila huyu mpishi humfikii. Unaweza kunywa nusu na kumpa mwenzako nusu, lakini kwa watu wengi mlango wa nusu hufunguka ukawa chupa nzima kabla ya Ijumaa. Glasi ya juisi ya miwa ya barabarani haitofautiani sana na soda kwa sukari, ingawa ina heshima ya kukamuliwa mbele yako. Soda zinazotiwa vitamu visivyo sukari zinaweza kumvusha mtu wiki za mwanzo. Usizifanye makazi: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu hivyo visitegemewe kama njia ya kudhibiti uzito, na ulimi unaoendelea kunyweshwa utamu mkali kila mchana haupati nafasi ya kujifunza kitu. Maji baridi yenye vipande vya ndimu au tango, au maji ya gesi yenye maji ya ndimu, yanatosha kuishughulisha mikono na koo.

Kuna sukari nyingine imejificha kwenye pakiti: biskuti ambazo si tamu sana, mtindi wenye ladha ya vanila au stroberi, nafaka za asubuhi za kwenye boksi, tomato sosi. Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kwanza, kwa hiyo sukari ikiwa ya pili au ya tatu umeshapata jibu lako. Majina yanayoishia na herufi “ose” nayo ni jamaa zake. Mtindi nunua ule usio na ladha, ukate ndizi mbivu ndani. Usipoteze usiku kuisaka gramu moja kwenye mkate huku chai ya nyumbani ina vijiko vitatu.

Hamu yenyewe, ile inayokujia saa kumi jioni ukiwa kazini na kukuelekeza dukani kama umetumwa, ina mambo mawili ndani yake na ni vizuri kuyatenganisha. La kwanza ni njaa tu. Chai tamu na maandazi mawili asubuhi ni unga mweupe, mafuta na sukari. Sukari ya damu inapanda upesi na kushuka upesi, na saa nne umeshatafuta kitu kingine. Mwenye njaa hiyo hahitaji mbinu za kushinda hamu, anahitaji kifungua kinywa. Mayai mawili, maharage au mbaazi za jana, muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha, kipande cha samaki kilichobaki. Watu wa Mombasa wanaokula mahamri na mbaazi wako karibu na ukweli kuliko wanaokula mahamri matupu. Uji wa ulezi unapita bila sukari ukipondewa ndizi iliyoiva kabisa na kutiwa maziwa. Wanaoupenda uji wa pilipili manga wanajua kwamba ukali nao unamshughulisha mnywaji asiudai utamu. Na lala. Aliyelala kwa muda wa saa nne tu usiku kucha ataamka na uchu ambao hakuna ushauri unaouweza.

La pili ni mazoea: saa fulani, kiti fulani, rafiki fulani. Hapo ndipo mbinu zinapofaa. Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt, aliyefanya kazi na walevi wanaoacha pombe, aliwafundisha kuichukua hamu kama wimbi: linainuka, linafika kileleni, linashuka lenyewe, na kazi yako ni kubaki juu yake, si kupigana nalo. Kwa kawaida haichukui hata nusu saa. Anayedhani hamu itaendelea kupanda mpaka ale hujisalimisha dakika ya tano, kabla hajaona upande wa pili. Kwa hiyo tazama saa. Jiambie utakula baada ya dakika 20 ukitaka bado, na uwe mkweli: ukifika dakika 20 na bado unataka, kula kidogo ukiwa umekaa, si umesimama mbele ya kabati.

Ndani ya dakika hizo 20 ifanye akili ishughulike na kitu cha kuonekana. Watu huambiwa “usifikirie,” na kwa kawaida hilo halisaidii, kwa sababu hamu ni picha: unaiona chupa yenye jasho la baridi, unaisikia gesi. Watafiti wa Plymouth, Uingereza, walipowapa watu mchezo wa Tetris, ule wa kupanga vitofali vinavyodondoka, waucheze kwa dakika tatu kila mara, hamu zao za vyakula na vinywaji zilipungua. Hazikuisha, zilipungua, na mara nyingi hilo linatosha kukuvusha. Maelezo yao ni kwamba mchezo unachukua nafasi ile ile ya akilini ambayo picha ya kitafunwa ilikuwa inaitaka. Mimi ningesema bao, drafti au kushona kanga pindo kungefaa pia, ili mradi macho na akili vifanye kazi pamoja. Kutazama video hakutoshi, hasa kwa vile nusu ya video ni za mapishi. Kutembea kwa mwendo wa haraka dakika 15 nako kunasaidia, ila usipitie dukani.

Tena kuna kahawa chungu. Wazee wa vijiwe vya kahawa wana mpango ambao sisi wa chupa ya chai tungeuiga: kikombe hakina sukari hata chembe, na utamu uko pembeni, kipande kimoja cha kashata au tende, unauona, unaugusa, unakwisha. Kashata si dawa, ina sukari yake ya kutosha. Lakini anayekula kipande kimoja anajua amekula kipande kimoja. Kwa asiyeweza kabisa kuishi bila kitu kitamu, hii ndiyo njia ninayoishauri: chagua saa moja ya siku na kitu kimoja, kiwe kizuri kweli, na vinywaji vyote vibaki bila sukari.

Siku za mwanzo kichwa kinaweza kuuma, na wengi husema ni sukari inatoka mwilini. Mara nyingi kilichowapata ni tofauti: wameichukia chai isiyo tamu, wakaiacha kabisa pamoja na soda ya kola, na mwili uliozoea kafeini unailalamikia kafeini. Usiache vyote wiki moja. Endelea na idadi ile ile ya vikombe, punguza kijiko tu.

Wapo ambao hawapaswi kuanza bila kuongea na daktari au muuguzi wa kliniki: wanaochoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi. Dozi yao ilipangwa pamoja na wanachokula, na ukikata sukari ghafla huku dawa iko pale pale, sukari ya damu inaweza kushuka kupita kiasi. Mgonjwa akianza kutokwa jasho, kutetemeka na kuongea mambo yasiyoeleweka, hapo sukari ni tiba: vijiko vitatu au vinne kwenye maji, anywe mara moja, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui usimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali. Nyumba yenye mgonjwa huyo isikose sukari, hata kama wengine wote wameiacha. Vile vile usimnyime mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari kwa sababu ya kampeni ya nyumbani. Kama hakuna pakiti za hospitali, ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya mfuto vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Wamebaki watu. Sukari kwetu ni heshima, na anayekupunguzia anaweza kuonekana amekudharau. Ukienda kwa mama mkwe, soda itafunguliwa kabla hujaketi, na kukataa kitu kilichokwisha kufunguliwa ni vita. Ujanja ni kuwahi: ukiwa bado unasalimiana, omba wewe. “Shikamoo mama, nimekuja na kiu, naomba maji yako ya baridi.” Umeomba, umepewa, amekukirimu, na hakuna aliyekataliwa. Usitaje ugonjwa usionao, utaulizwa habari zake mwaka mzima, na usihutubie mezani; mwenye nyumba anasikia kwamba anachomkaribishia mgeni wake ndicho unachomlaumu nacho. Akisisitiza mara ya tatu, pokea kikombe, kunywa nusu, sifu iliki. Kikombe kimoja kwa mama mkwe hakivunji wiki.

Kinachovunja wiki ni kinachofuata. Marlatt huyo huyo aliona kwamba waliorudi kwenye pombe kwa kishindo hawakuangushwa na glasi ya kwanza kama walivyoangushwa na wazo la “nimeshaharibu, basi tena.” Harusini umekula keki na soda mbili. Sawa. Chai ya kesho asubuhi inarudi kwenye kipimo chake cha wiki hii, si cha wiki ya kwanza, na hakuna kufunga kula ili kulipiza.

Kwa wanaofunga, msianze jambo hili Ramadhani yenyewe. Siku za kwanza za swaumu zina maumivu yake ya kichwa ya kukosa chai mchana, na mezani jioni kuna uji mtamu, tambi, kaimati na jagi la juisi, vyote kwa pamoja. Anza Shaaban, kikombe cha asubuhi kwanza. Ramadhani ikiingia, kubalianeni nyumbani kitu kimoja kitamu kwa futari moja: leo tambi, kesho kaimati, keshokutwa ndizi mbivu za nazi zisizotiwa sukari, maana ndizi iliyoiva sawasawa na tui zito haziihitaji. Juisi ya ukwaju au ubuyu itengenezwe bila sukari kwenye jagi na kopo liwekwe kando yake. Futuru kwa tende na maji, subiri ukaswali Magharibi, kisha rudi kwenye sahani. Kaimati nane zilizokuwa zinakuita wakati wa adhana, baada ya sala huwa tatu. Daku iwe chakula cha kukaa tumboni, maharage, mayai, viazi, na chai ikiwepo iwe ile ya kipimo ulichofikia.